Nishani Aliyojinunulia

Msiba ulikuwa Mtama, mkoani Lindi. Hitima imeshasomwa, pilau imeliwa, watu wanakunja mikeka, na mimi naangalia saa kwa sababu basi la Dar halimsubiri mtu. Bibi mmoja wa upande wa shemeji akanifuata pale chini ya mwembe. Mkononi ana kifurushi kidogo, kipande cha kanga kilichopigwa fundo.

"Mjukuu wangu, wanasema wewe unakisoma Kizungu. Hebu nisomee hii."

Ndani ya kanga mlikuwa na medali. Fedha iliyoingia weusi, utepe umechakaa hadi rangi haijulikani, na pini ya nepi ndiyo inayoushikilia usidondoke. Upande mmoja kichwa cha Mfalme George wa Sita. Upande wa pili maneno ya kusifu utumishi wa muda mrefu na mwenendo mwema. Nikaigeuza kwenye mwanga. Pembeni, kwenye unene wa ile fedha, kulikuwa na maandishi madogo: namba, cheo, jina la baba yake, na zile herufi tatu, K.A.R., ambazo wazee wetu walizitamka Keya: King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika wa Afrika Mashariki.

Nikamsomea. Akataka nirudie jina. Nikarudia.

Akatulia kidogo, kisha akauliza: "Sasa hii inasema walimlipa, au inasema wanadaiwa?"

Nikamweleza kwamba medali haisemi mambo ya malipo, ni heshima tu kwa mtu aliyetumikia miaka mingi bila doa.

"Heshima naijua," akasema. "Nimeuliza hela."

Basi likapiga honi.

Jasho lina madaraja

Swali la bibi lilinikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Niko kwenye foleni ya benki, linakuja. Niko naoga, linakuja. Mwishowe nikaanza kusoma habari za medali za utumishi mrefu, jambo ambalo sikuwahi kudhani litanishughulisha.

Waingereza walikuwa na mizani yao. Mwaka 1899 ilianzishwa nishani ya maofisa wa majeshi ya kujitolea ya makoloni. Hawa walikuwa wanasheria, wenye maduka na wenye mashamba wa Kanada, Australia, New Zealand na kwingineko, watu wenye shughuli zao, ambao jioni na mwisho wa wiki walivaa sare wakaongoza gwaride. Ofisa akitimiza miaka 20 ya hivyo, alipata nishani na haki ya kuandika herufi V.D. baada ya jina lake, hadi kwenye kadi ya harusi akitaka. Aliyetumikia Afrika Magharibi alihesabiwa mwaka mmoja kuwa miwili, maana malaria ya kule haikuwa na mzaha na Wazungu.

Mwaka 1907 askari wa Keya nao wakapata ya kwao. Miaka 18, medali ya fedha, basi. Herufi za kuweka baada ya jina hakuna. Na Keya halikuwa jeshi la jioni. Ilikuwa ni kambi, na baadaye Uhabeshi, Madagaska, Bama (leo Myanmar). Mwafrika kuwa ofisa kamili ndani yake ni jambo lililosubiri hadi uhuru ulipokuwa mlangoni unabisha hodi.

Hayo niliyaelewa upesi, na hayakunipa jibu la kumpelekea bibi. Aliyenisogeza karibu na swali lake ni mtu ambaye medali alinyimwa.

Mtoto wa effendi

Jina alilopewa na wazazi wake ni Mahjub bin Adam Mohamed. Ujerumani wanamjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Baba yake alikuwa Msudani aliyefikia cheo cha effendi katika Schutztruppe, jeshi la Wajerumani la huku kwetu. Effendi ndicho kilikuwa kilele kwa asiye Mzungu. Kwenye karatasi ni ofisa, lakini amri kwa Mjerumani hakuweza kutoa, hata kama Mjerumani mwenyewe ni sajini aliyeteremka melini juzi.

Wasudani hawa walianza kuja mwaka 1889, Hermann von Wissmann alipokwenda kuwaandika Cairo ili waje kumzima Bushiri na watu wa pwani. Vita vikaisha, wao wakabaki. Wakaoa, wakajenga, watoto wao wakakua wakizungumza Kiswahili cha mtaani kama watoto wengine wote. Mahjub alikulia humo. Kijerumani alikijua mapema, na kabla Vita Kuu vya Kwanza havijaanza alikuwa Lindi, akifanya kazi ya ukarani kiwandani.

Mwaka 1914 baba na mwana wakaingia jeshini pamoja.

Piga hesabu. Ana miaka 10.

Oktoba 1917 alijeruhiwa Mahiwa. Pale Mtama niliponywea kahawa ya msiba, Mahiwa iko jirani kabisa, na hakuna aliyeitaja siku ile, nami sikuuliza. Ni moja ya mapigano yaliyomwaga damu nyingi kuliko yote katika vita vile vya huku. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, upande mmoja, upande wa pili Waingereza wakiwa na askari kutoka Naijeria na vikosi vya Keya. Siku kadhaa za kukabana koo, na walioanguka wengi wao hawakuwa Wajerumani wala Waingereza. Yule mtoto alitoka mle na jeraha, akaangukia mikononi mwa Waingereza kama mfungwa wa vita. Miaka 13.

Baada ya vita akaingia baharini. Alikuwa boi kwenye meli za abiria, kisha mhudumu wa meza kwenye meli za kampuni ya Kijerumani iliyohudumia pwani hii. Mwaka 1929 akafika Berlin.

Dirisha la malipo

Alifuata mshahara. Wa kwake na wa baba yake.

Fedha za Lettow-Vorbeck zilimwishia kabla vita havijamwishia, na askari wake waliendelea kupigana kwa ahadi. Waliposalimisha silaha Abercorn (leo Mbala, Zambia), Novemba 1918, deni lilikuwa halijalipwa. Mwezi Machi 1919 jenerali akapokewa kishujaa Berlin, akapita na farasi chini ya lango la Brandenburg. Waliomfikisha hapo walikuwa wameachwa huku na vipande vya karatasi, wengine hata hivyo vipande hawakuwa navyo.

Kwa hiyo kijana wa miaka 25 akabisha hodi Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani, akaeleza shida yake kwa Kijerumani safi. Jibu likawa kwamba muda wa kuwasilisha madai umeshapita.

Amechelewa.

Sisi tuliowaona wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakidai mafao yao miaka na miaka baada ya jumuiya kuvunjika mwaka 1977, dirisha la aina hiyo hatuhitaji kuchorewa. Faili limekwenda ngazi ya juu. Aliyekuwa anashughulika amehamishwa. Leta kiambatisho. Njoo Jumatatu.

Lakini Berlin ya wakati ule ilikuwa na jambo la ziada. Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake kwa mkataba wa Versailles, kwa hoja kwamba haikustahili kutawala watu. Waliotaka makoloni yarudi walijibu kwa hoja moja waliyoipenda kuliko zote: askari waaminifu. Kama tulikuwa wabaya, walisema, mbona Waafrika wetu walipigana nasi hadi siku ya mwisho? Picha za askari zikachapwa kwenye vitabu na kadi za posta, zikauzwa. Askari wa kuchorwa alipendwa sana na watu wale. Aliyekuja na miguu yake kudai mshahara alikuwa kero.

Husen hakurudi. Alipata kazi ya uhudumu Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe na kula pale Potsdamer Platz. Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner. Siku chache baadaye Hitler akashika madaraka.

Fomu ya mwaka 1934

Julai 1934 Rais Hindenburg, zikiwa zimebaki wiki chache afe, alianzisha Msalaba wa Heshima wa Vita Kuu. Ulikuwa wa aina tatu. Wenye panga mbili zilizopishana ni wa waliopigana mstari wa mbele. Usio na panga ni wa waliotumikia bila kufika mstari wa mbele. Mweusi ni wa wajane na wazazi waliofiwa. Haikuwa nishani ya mashujaa wachache. Iligawiwa kwa mamilioni. Mtu alijaza fomu, akaambatisha uthibitisho wa utumishi wake, mamlaka za mahali anapoishi zikamshughulikia, akapewa msalaba na hati.

Hata Wayahudi waliopigana vile vita waliomba wakapewa, mikononi mwa serikali ile ile iliyokuwa imeanza kuwafukuza kazini. Jambo hili nililisoma mara mbili nikidhani nimeelewa vibaya. Ukatili nao una masjala yake. Sehemu moja unakunyang'anya riziki, sehemu nyingine unakugongea muhuri wa shukrani.

Husen akaomba msalaba wenye panga. Alikuwa na jeraha la Mahiwa.

Akanyimwa.

Tafakari kilichokataliwa. Mshahara ungewagharimu fedha, na anayenyima fedha huwa na visingizio vinavyoeleweka. Huu ulikuwa msalaba wa chuma kilichopakwa rangi ya shaba, kitu cha thamani ya chakula cha mchana. Alichoomba hakikuwa na gharama isipokuwa moja tu: mtu fulani ofisini aandike kwamba huyu alikuwepo.

Hakuna jina pembeni

Hapo nikakumbuka ule unene wa fedha wenye namba na jina la baba wa watu. Medali ya Keya ukiiokota barabarani utajua ni ya nani. Ule msalaba wa Wajerumani hauko hivyo. Nyuma una alama ndogo ya kiwanda kilichoutengeneza. Jina la mwenyewe halimo. Jina limo kwenye hati.

Maana yake, mtu akiingia kwenye duka la vifaa vya kijeshi akanunua msalaba, anatoka na kitu kile kile. Chuma kile kile, utepe ule ule mweusi, mweupe na mwekundu. Asichokuwa nacho ni karatasi.

Waliochunguza maisha ya Husen wanasema ndivyo alivyofanya. Alijinunulia, akavaa.

Nilipofika hapa, akili yangu ya kwanza ilikuwa ya mwalimu wa zamu: huu ni udanganyifu. Mtu asiyepewa nishani hana haki ya kuivaa. Jeshi lolote litakwambia hivyo, hata letu. Kisha nikajiuliza ni uongo gani hasa alioubeba kifuani. Msalaba ulisema aliyeuvaa alipigana mstari wa mbele. Alipigana. Ofisi iliyomnyima hati ndiyo iliyokuwa inakana jambo lililotokea Mahiwa.

Ningeweza kuishia hapo. Ingekuwa makala nzuri ya kumtetea mwenzetu aliyeonewa ughaibuni, na ningelala usingizi.

Kaki

Kuna picha yake ya miaka ya 1930. Amevaa kaki ya askari. Ipo kwa sababu Husen alikuwa anahudhuria mikutano ya wale wale waliotaka makoloni yarudi. Aliwapa walichokosa: askari mwaminifu aliye hai, mwenye sare, anayezungumza Kijerumani. Alizunguka na maonyesho ya Waafrika yaliyobarikiwa na serikali.

Makoloni yarudi. Yaani sisi turudi.

Hapa huruma yangu ilipata ajali. Kusini ni kwetu, na kusini ndiko Schutztruppe ilikozima Maji Maji kwa kuchoma vijiji na maghala hadi njaa ikamaliza kazi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Askari waliobeba viberiti walikuwa Waafrika. Sina sababu ya kusema Adam Mohamed alikuwa kwenye kijiji gani, lakini jeshi lilikuwa hilo na cheo kilikuwa hicho. Mwanawe alipodai malimbikizo ya mshahara wa baba yake, alikuwa anadai malipo ya kazi ya namna gani?

Bibi wa Mtama ana ndugu upande wa waliochomewa. Na baba yake alivaa Keya. Vyote viwili vimo ndani ya nyumba moja, na pale nyumbani hakuna anayeona ajabu. Ajabu naiona mimi niliyekuja na basi.

Nilikaa na jambo hili muda mrefu. Nilimwuliza rafiki yangu mmoja anayesomesha historia kama Husen alikuwa kibaraka. Akanijibu kwa swali: alikuwa na mlango gani mwingine? Nikamwambia mlango wa kurudi Dar. Akacheka. Dar ya Waingereza, kwa mtu aliyepigana upande wa Wajerumani, ana mke Mzungu.

Rafiki yangu alikuwa na mfano mkononi. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwana wa pwani, alifundisha Kiswahili Berlin mwanzoni mwa karne ile, akaoa Mjerumani. Mwaka 1905 alipotaka kurudi na mkewe, serikali ya koloni haikuwaruhusu kushuka. Wakageuzwa na meli. Alifia Ujerumani mwaka 1927, miaka miwili kabla Husen hajafika. Mlango ulikuwa umeshafungwa na watu wengine, kwa mtu mwingine.

Sawa. Lakini mlango kufungwa hakumlazimishi mtu kusimama kwenye mkutano wa watesi akipepea bendera yao. Hilo rafiki yangu hakulijibu, na sioni aibu kusema linaniuma hadi leo.

Mwalimu wa polisi

Husen naye alifundisha Kiswahili Berlin, katika chuo kile kile kilichokuwa kimemwajiri Mtoro. Alikuwa msaidizi wa mwalimu wa lugha, cheo cha chini kabisa darasani, akitamka na wanafunzi wakarudia baada yake. Miongoni mwa waliokaa mbele yake walikuwa maofisa na polisi waliojiandaa kuja kututawala pindi makoloni yakirudi.

Fikiria somo hilo. Unamfundisha mtu kusema "njoo hapa", "kaa chini", "mzigo uko wapi". Nani atakayeambiwa njoo hapa? Na wale wanafunzi, wakitoka darasani, mwalimu wao hawakumpa mkono wa mtu aliye sawa nao. Kule Haus Vaterland alishafukuzwa mwaka 1935 baada ya wafanyakazi wenzake kumsema kwa wakubwa.

Riziki nyingine aliipata kwenye filamu. Alionekana katika filamu zaidi ya 20, karibu zote kama mtumishi, mpagazi, mlinzi wa mlangoni, uso mweusi wa kukamilisha picha. Uhusika mkubwa kuliko yote aliupata mwaka 1941 katika filamu ya kumtukuza Carl Peters. Huyu ndiye babu zetu walimwita Mkono wa Damu, yule aliyenyonga watu Kilimanjaro hadi serikali ya Ujerumani yenyewe ikamwondoa kazini kwa aibu mwaka 1897. Husen aliigiza kuwa Ramasan, msaidizi wake mwaminifu.

Niliitafuta sehemu hiyo nikaiangalia. Nilitegemea kuona mtu aliyejidhalilisha. Nilichokiona ni mtu anayejua kazi yake: anasimama vizuri, kamera inampenda, Kijerumani kinamtoka bila kukwama. Ilinikera kwamba ni mwigizaji mzuri.

Lakini niliangalia tena, na safari hii nikafikiria ujira. Kwa kila filamu alikuwa analipwa. Kwa mara ya kwanza tangu Mahiwa, Ujerumani ilikuwa inamlipa kwa kuwa askari, kwa sharti kwamba awe askari wa uongo.

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kumwelewa, na kuelewa si kusamehe. Tumezoea kumpima mtu wa namna ile kwa mapenzi: aliwapenda Wajerumani, aliipenda Afrika? Mimi namwona kama mdai. Tangu 1929 alikuwa na deni moja tu, akalipeleka kwenye kila dirisha alilolikuta wazi. Dirisha la mshahara likafungwa, akaenda la nishani. La nishani likafungwa, akaenda la mikutano, la darasa, la filamu. Vita vya pili vilipoanza aliomba hata kuingia jeshini tena. Wakakataa. Mdai wa muda mrefu hufika mahali akazungumza lugha ya mdaiwa wake, akavaa nguo zake, akacheka vichekesho vyake, alimradi tu asifutwe kwenye daftari. Na njiani anaweza kuweka rehani vitu visivyo vyake. Husen aliweka rehani nchi yetu.

1941

Mwaka ule ule wa filamu ya Carl Peters, mwezi Agosti, Gestapo, polisi wa siri wa Manazi, walimkamata. Kosa lake ni uhusiano na mwanamke Mjerumani, jambo ambalo sheria za rangi za Manazi zilikuwa zimelifanya jinai. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, na hakutoka.

Alifariki humo tarehe 24 Novemba 1944. Alikuwa na miaka 40.



Karatasi na ufagio

Mwaka 2007 liliwekwa jiwe dogo lenye bamba la shaba mbele ya nyumba namba 193, mtaa wa Brunnenstraße, Berlin, mahali alipowahi kuishi. Ni mawe yale yanayowekwa kwa ajili ya walioangamizwa na Manazi. Jina, mwaka wa kuzaliwa, kambi, siku ya kufa. Mambo ya vita, effendi na msalaba hayapo, na pengine ni vizuri yasiwepo. Hatimaye kuna mahali jina lake limeandikwa na watu ambao hawamdai kitu.

Kwetu, Posta ya Dar es Salaam, lipo sanamu la askari lililosimikwa na Waingereza mwaka 1927. Maandishi yake, ya Kiswahili yakiwemo, yanamwahidi askari kwamba akiipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Jina lolote la askari halikuandikwa pale. Upande alioupigania Husen, hata sanamu la ahadi hakuna, maana lile la Wissmann, lililokuwa na askari mweusi akimtazama bwana wake kutoka chini, lilipelekwa Hamburg likasimama huko hadi wanafunzi wa chuo kikuu walipoliangusha miaka ya 1960.

Miaka hiyo hiyo ya 1960, serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa askari wa Lettow-Vorbeck waliobaki hai Tanzania. Sheria ile ya muda kupita ilikuwa imesahaulika. Kuna hadithi inayosimuliwa sana kuhusu malipo hayo, na hata kama wasimuliaji wameipaka mafuta, inafaa kuisikia. Wazee walijikusanya Mwanza mamia kadhaa. Wachache wakatoa karatasi walizopewa mwaka 1918. Wengine wakaleta vipande vya sare. Wengine hawakuwa na kitu. Mlipaji, akishindwa kujua nani mkweli, akachukua ufagio, akawa anampa kila mzee na kumwamrisha kwa Kijerumani: bega silaha, shusha silaha. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea, na wote wakalipwa.

Husen angekuwa na miaka 60. Amri za Kijerumani alikuwa anazijua, na ufagio asingehitaji kuununua.